Siku Nilipompeleka Mama Mkwe Kwenye Roki

Nikiwaambia watu wa kwetu Muheza kwamba naishi nje ya nchi, wananitazama kwanza miguuni, waone viatu. Kwao nje ya nchi ni Ulaya, ni Marekani, ikipungua sana ni Uarabuni. Nikisema Migori, Kenya, wanacheka mpaka wanashikana. "Ala! Si ni kuvuka mpaka pale Sirari tu?" Haya, ni kuvuka Sirari tu. Lakini ugeni haupimwi kwa kilomita, jamani. Ugeni ni kuamka asubuhi ukute nyumba nzima inacheka kwa lugha usiyoijua, na wewe unacheka kwa kuchelewa, kwa sababu unasubiri uone nyuso.

Nilikuja kwa mapenzi, siyo siri. Mimi ni msusi. Mume wangu ni dereva wa malori, na enzi hizo alikuwa akija bandarini Tanga kuchukua mzigo. Siku moja akaketi kwenye kibaraza cha saluni yetu akisema anasubiri mvua ipungue. Mvua ikapungua, ikakata, jua likawaka, yeye yupo tu. Basi, haikupita muda nikajikuta Migori, nasuka watu mjini, naishi na mama yake nje kidogo ya mji, na mwenyewe yuko njiani, leo Kampala, kesho Juba. Wakati wa haya ninayoyasimulia tulikuwa na mwaka wa nne wa ndoa na mtoto hatujapata. Hakuna aliyenisema usoni. Lakini mke mgeni asiye na mtoto ni kama kigingi kilichochomekwa mchangani. Kimesimama, ndiyo, ila kila mtu anajua hakijashika.

Niseme na hili kabla sijaendelea: mimi ni mwoga. Sifichi. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wa pembe, naogopa ngazi zinazojiendesha zenyewe, na kuliko vyote naogopa watu wengi mahali pamoja. Harusi ikijaa ukumbini, nitafute nje kwa wapishi. Wanaonicheka nawaambia kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na wangu ninao mpaka leo.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyempeleka mama mkwe wake kwenye tamasha la roki.

Chanzo kilikuwa redio. Mama mkwe wangu alikuwa na redio dirishani, imefungwa kwa mpira wa tairi ili betri zisidondoke, na kutwa nzima alisikiliza stesheni ya Kijaluo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mtu wa Sabato kwelikweli, asiyegusa hata ufagio Jumamosi. Ila kwa gitaa alikuwa hajiwezi. Gitaa likilia, mikono inaacha mahindi, macho yanafumba. Basi redio ikatangaza kwamba Homa Bay kutakuwa na tamasha kubwa la kuhimiza watu walitunze ziwa, na kundi la magitaa kutoka ng'ambo litapiga, na kuingia ni bure. Akaniita kutoka jikoni.

"Nyar Tanga, hiyo kitu ni siku gani?"

Nyar ni binti wa. Mwanamke akiolewa pale anaitwa kwa alikotoka, na yeye mwenyewe, pamoja na wajukuu wote aliokuwa nao kwa binti yake, bado alikuwa nyar Kisegi. Nikamwambia ni Jumapili.

"Jumapili ni siku yenu nyinyi. Mimi niko huru. Tunaenda."

Nilijua kosa lake liko wapi. Wajaluo wana desturi inaitwa pakruok, na mimi nahesabu ni ushujaa, kwa sababu mimi nisingethubutu. Bendi inapiga, watu wanacheza, mtu anainua noti juu. Gitaa linashushwa, anapewa kipaza sauti, na mbele ya kadamnasi anaanza kujisifu. Mimi mama wa fulani, mimi ninayelima mpaka jembe linaomba radhi, mimi ambaye nikipika dagaa wa omena paka wa vijiji vitatu wanahama. Anasifu na wapenzi wake. Akimaliza, anampa mwimbaji noti, watu wanashangilia, muziki unapanda tena. Kwa mama, palipo na gitaa pana pakruok. Toka siku ile ya redio nikawa namsikia nyuma ya nyumba akiwafanyia kuku mazoezi.

"Mama," nikamwambia, "huu siyo muziki wenu wa benga. Ni roki. Hawasimamishi muziki kwa mtu."

"Roki ni nini?"

Nikamfungulia simu, nikamwonyesha vijana wanne wenye nywele ndefu, mmoja anapiga ukelele mishipa ya shingo imemtoka. Akatazama kwa makini kama daktari.

"Huyu anaumwa wapi?"

"Haumwi, mama. Anaimba."

"Pole yake. Lakini huyu mwenye gitaa, vidole yake inajua kazi." Akanirudishia simu. Kwake yeye mjadala ulikuwa umekwisha.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja siku mbili kabla. Yeye ni mwalimu, na hata nyumbani huongea kana kwamba nyuma yake kuna ubao. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Mama ana presha. Unajua ana presha?"

Nikasema najua, dawa nampa mimi kila asubuhi.

"Basi unajua. Mimi sikukatazi. Ila mama akipata jambo huko kwenye makelele yenu, usitafute wa kumwambia ilivyokuwa. Hakuna atakayetaka kusikia."

Aliyasema polepole, bila hasira, na ndiyo maana yaliniingia. Angenifokea ningemjibu, maana mdomo ninao. Nikarudi jikoni na mwiko wangu. Usiku mume wangu akapiga simu kutoka Juba, nikategemea atakataza, atanitua huu mzigo. Wapi! Akacheka mpaka simu ikakwaruza.

"Mpeleke bwana. Mama yangu na roki! Ila usimwachie mkono. Mimi niko mbali, mama nimekuachia wewe."

Nimekuachia wewe. Dereva wa lori hajui uzito wa maneno, anajua uzito wa saruji.

Jumapili jirani yetu mwenye teksi akatupeleka. Mama alivaa gauni lake la samawati la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, na noti ya pakruok kaifunga kwenye pindo la leso aliyojifunga kiunoni. Mimi nilivaa gauni la kijani. Njia nzima, Awendo kunanuka miwa, Rongo, Rodi Kopany, yeye anasalimia watu barabarani kama mgombea, mimi nimekumbatia mkoba. Kwenye mkoba nilikuwa na dawa za presha, maji, glukosi, na biskuti. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa kilichotokea.

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha wazi, kimezungushiwa mabati, na ziwa linaonekana kwa nyuma. Jambo la kwanza nililolitazama ni mlango. Ulikuwa mmoja. Mwoga hutazama mlango kabla ya jukwaa, na mimi nikasema moyoni, mlango mmoja, Bwana wee, na watu wote hawa. Na walikuwa watu! Vijana wa Kisumu na Nairobi wenye fulana nyeusi zenye mafuvu, akina mama wenye leso, wavuvi waliokuja na kandambili zao, masista wawili, wazee wa fimbo. Kitu cha bure hakibagui. Spika zilipangwa moja juu ya nyingine, zimepita urefu wa nyumba yetu.

Nilitandika leso yangu pembeni kabisa, karibu na mlango ule, nikamkalisha mama, nikamshika mkono. "Mbona unanikamata kama mwizi?" akauliza. Sikumwachia.

Mwanzo ulikuwa mzuri, lazima niseme kweli. Lilianza kundi la pale pale, magitaa matatu, watu wakanyanyuka kucheza, wazee wawili wakapanda kujisifu na umati ukaangua kicheko. Mama alikuwa anatetemeka kwa furaha. Nikamwambia, kama ni kujisifu nenda sasa, hawa ndio wanaoijua. Akatikisa kichwa.

"Mimi nangoja wageni. Mgeni ndiye anafaa kuambiwa mtu ni nani."

Ilipokaribia saa kumi na moja wageni wakapanda. Wanne, wamevaa nyeusi jua lote lile. Mpiga ngoma akagonga vijiti vyake, na hapo dunia ikapasuka. Sijui niieleze vipi sauti ile. Haikupita masikioni, iliingia tumboni moja kwa moja, ardhi chini ya leso ikawa inadunda, meno yangu yakagongana. Nikamtazama mama upesi, mkono wangu ukashuka kwenye kifundo cha mkono wake kutafuta mapigo, na nisiweze kujua pigo lipi ni la moyo na lipi la ngoma. Nilidhani nitamkuta amezimia. Kumbe ametoa macho, mdomo wazi, anamtazama yule mpiga gitaa.

"Nyathina," akaniambia sikioni, mwanangu, "huyu analia na gitaa yake!"

Halafu mwimbaji akafanya kosa. Aliona nafasi tupu mbele ya jukwaa, ndani ya kamba waliyokuwa wametengewa wakubwa, akawaambia watu kwa Kiingereza, sogeeni, sogeeni wote, njooni karibu. Kwao labda hivyo ndivyo inavyofanywa. Vijana wakavuka kamba wakakimbia. Waliokuwa nyuma wakafuata. Na waliokuwa bado nje, waliposikia kelele, wakaingia kwa ule mlango mmoja kwa nguvu kama maji ya bomba lililopasuka. Na sisi tulikuwa hapo hapo mlangoni, mahali mimi mwenye akili zangu nilipopachagua.

Nilimwinua mama kwa kwapa. "Tutoke!" Tutoke wapi? Tulichukuliwa. Mtu asiyewahi kubebwa na watu hawezi kujua. Miguu yangu ilikuwa inagusa chini kwa zamu, mara inagusa, mara haigusi. Nilimshika mama kwa mikono miwili, mkono wake ulikuwa mwembamba, una jasho. Akawa ananiambia kitu, nikaona midomo tu. Mwanamume mmoja mnene akaingia katikati yetu, siyo kwa ubaya, naye alikuwa anasukumwa, uso wake umejaa hofu kama wangu. Mkono wa mama ukateleza. Nikabaki na vidole. Nikabaki na hewa.

Nilipiga ukelele. Nilipiga ukelele kama yule kijana wa kwenye simu, na hakuna aliyenisikia, maana kila mtu alikuwa anapiga ukelele, wengine kwa furaha.

Nikasukumwa hadi kwenye mabati. Uso ukabanwa, bati lina joto, na mgongoni uzito unaongezeka. Hapo niliogopa kwa namna nyingine. Ule woga wangu wa siku zote ni woga wa kitu ambacho huenda kikatokea. Huu ulikuwa wa kitu kinachotokea. Nilitaka kuvuta pumzi, kifua hakikuwa na nafasi. Na wazo lililokuja, wallahi, halikuwa kwamba nitakufa. Ni kwamba yeye ni mfupi. Mimi ni mrefu na nimekosa hewa, yeye kichwa chake kinafika kifuani kwa watu, je, anapata nini huko chini? Niliona kitambaa cheupe kiko chini ya miguu. Sikukiona kwa macho, nilikiona tu.

Bati likang'oka. Vijana wa upande wa pili walikuwa wanalivuta, na lilipoachia tukamwagika nje, mimi nikaanguka kwa magoti juu ya kokoto. Mtu akanivuta akaniambia, "Madam, simama, watakukanyaga." Nikasimama. Gauni limechanika begani, mkoba haupo. Simu ilikuwa mfukoni tu, ashukuriwe Mungu.

Nikaanza kutafuta. Nikawa nauliza kila ninayekutana naye, mmemwona mama mzee, mfupi, gauni la samawati, kitambaa cheupe? Na Kiswahili changu cha Muheza, nikikisema kwa haraka, watu wa pale hunitazama kama nimesoma shairi. "Ati nini?" Nikarudia. "Mama wazee ni wengi hapa, dada." Kweli walikuwa wengi. Kila kitambaa cheupe kilinipasua moyo na kila uso uliogeuka haukuwa wake.

Chini ya turubai watu wa huduma ya kwanza walikuwa wanahudumia walioumia. Msichana mmoja amevunjika mkono, mvulana anatapika. Na pembeni, juu ya nyasi, mtu amelala, amefunikwa leso kutoka kichwani hadi magotini. Miguu iko nje. Miguu ya mzee, visigino vimepasuka, vidole vya mtu aliyelima maisha yake yote.

Nikasimama. Ningesema nilikimbia kwenda kumfunua, lakini sikukimbia. Nilisimama kama nimepigiliwa msumari.

Nesi akaniuliza, "Ni wako?"

"Sijui."

"Angalia basi."

"Siwezi."

Na simu ikaanza kulia. Nikaitoa, nikaona ni mume wangu. Alikuwa anapiga kutoka huko kwake kujua mama ameionaje roki. Nikaitazama ikilia mpaka ikakata. Ikalia tena. Ningemwambia nini? Nilishaanza kuyapanga maneno na hakuna hata moja lililokuwa na mlango wa kutokea. Nilimwona wifi yangu kasimama pale pale mlangoni, hana haja hata ya kuniuliza. Niliona msiba, watu wamejaa nyumbani, mimi nimekaa peke yangu kwenye mkeka, na kila anayeingia ananiruka kwa macho. Niliona nafunga nguo zangu kurudi Muheza. Na zaidi ya hayo yote niliona kiti chake kitupu karibu na redio, na hapo ndipo nikajua kwamba nampenda yule bibi, siyo kwa ajili ya mwanawe, wala kwa ajili ya kukaa pale kwao. Ni yeye tu. Nikaanza kulia kwa sauti.

Nesi akaona nitamchelewesha, akainama, akafunua leso. Mwanamke akafumbua macho. "Jua," akasema kwa udhaifu, "nimejifunika jua." Hakuwa yeye. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba ni mama wa mtu mwingine.

Na hapo muziki ukakatika.

Siyo kwamba wimbo uliisha. Ulikatwa katikati, gitaa likabaki linavuma peke yake. Kiwanja chote kikanyamaza. Nilijua kwa nini muziki husimama. Wamempata mtu chini. Sasa watatangaza. Nikaziba masikio kwa viganja, kisha nikaachia, maana lazima nisikie.

Kwenye spika zile kubwa kukasikika mtu anakohoa. Halafu mtu anapuliza kipaza sauti, fuu, fuu, kama anapuliza uji.

"Mimi nyar Kisegi," sauti ikasema.

Yesu na Maria. Nilitoka mbio. Nikapita pale bati lilipong'oka, nikaingia tena ndani ya umati ule ule uliotaka kunimaliza, na sikumbuki kama niliogopa. Nikamwona. Yuko juu ya jukwaa, mdogo mno, kitambaa cheupe kimekaa upande, noti kaishika juu kwa mkono wa kushoto. Baadaye nilielezwa ilivyokuwa. Aliponikosa, alifungua pindo la leso yake akainua noti. Hilo tu. Na watu wa Homa Bay, katikati ya msukumano ule wa roho mkononi, walipomwona bibi mwenye noti juu walifanya walichofundishwa na baba zao: walimpisha. Wakampitisha mkono kwa mkono mpaka mbele, vijana wa mafuvu wakampandisha, na mtangazaji, Mjaluo wa pale pale, bila hata kufikiri akawaonyesha wageni ishara ya mkono washushe muziki. Wale wageni hawakujua kitu. Mpiga gitaa alikuwa amesimama na nywele zake usoni anamtazama mama kama aliyetokewa na malaika.

Alianza kwa Kijaluo, maneno mawili matatu, watu wakacheka na kushangilia, wakingoja sifa. Akabadilisha, akaanza Kiswahili. Kiswahili chake kile cha sokoni, alichokuwa akiona haya kukisema mbele ya wageni wa nyumbani.

"Leo mimi hajisifu," akasema. "Mimi nasema Kiswahili ndio yeye asikie. Nimepoteza mtoto. Nilikuja na yeye, sasa sioni yeye. Ni msichana mrefu, nguo ya kijani, anatoka Tanga. Si wa hapa. Hajui nyinyi, na lugha anasikia kidogo kidogo. Na yeye ni mwoga sana. Mimi najua, usiku kukinguruma radi huwa anakuja kusimama kwa mlango yangu na hapigi hodi." Akakohoa tena. "Hapa watu ni mingi, ataanguka. Kama amesimama karibu na wewe, shika yeye mkono. Sukuma hapana. Mwambie mama yake ako hapa juu, na haendi mahali mpaka yeye akuje."

Watu wakaanza kuangalia ubavuni mwao, kulia, kushoto, wanaachiana nafasi ili waone. Mpiga gitaa akagusa waya mmoja, taratibu, kisha mwingine.

Msichana mmoja mwenye pete puani akanitazama gauni.

"Ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa, naye akanishika mkono, akapaza sauti, "Ako hapa! Mtoto wa mathe ako hapa!" Na mkono mwingine ukanipokea, na mwingine. Mimi ambaye harusini nakaa nje na wapishi nilipita katikati ya maelfu ya watu wasionijua, na kila mmoja alinishika kiasi cha kunipeleka kwa anayefuata.

Nilipofika juu sikupata hata nafasi ya kumkumbatia. Alinishambulia.

"Ulienda wapi? Nilikwambia unikamate, wewe ukaachilia! Gauni umepasua wapi? Hii damu ni ya nini?" Ananigeuza, ananipapasa mabega, mgongo, magoti, mbele ya halaiki na wale wageni wanne, na kipaza sauti bado anacho mkononi, kwa hiyo Homa Bay yote ilisikia nikikaguliwa. Mimi nalia na kucheka, namwambia mama, presha, kaa chini, presha yako. "Presha iko wapi?" akasema. "Presha ni wewe." Umati ukaangua kicheko. Kisha akampa mpiga gitaa ile noti, akamwambia pole kwa kazi.

Tuliteremshwa nyuma ya jukwaa, tukapewa viti vya plastiki na maji. Mtangazaji aliwaambia watu warudi nyuma, na walirudi. Mama alikunywa maji. Simu yangu ikalia tena mfukoni. Niliitoa, ni mume wangu. Akaninyang'anya.

"Wuoda," akamwambia mwanawe, na sauti ikawa ndogo ghafla, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Usikasirike. Ngoja kwanza, usikasirike na mimi. Watu walisukuma. Nilimwachilia mkono kidogo tu. Nilipoteza bibi yako, lakini nimempata. Ako hapa. Nimeangalia mwili yote, ni magoti tu."

Akasikiliza. Sijui mume wangu alisema nini. Yeye aliendelea kusema usikasirike, usikasirike, huku mkono wake wa pili umenishika kiwiko, kwa nguvu mpaka ukaniuma.